Kichwa Changu Katika Ukumbi wa Tatu

Jumatatu, 4 Mei

Mhariri kanipa kazi nyepesi. Ndivyo anavyoziita kazi anazozikwepa mwenyewe. Niende jumba la makumbusho, kuna warsha, watu wa mtaani wanatengeneza sanaa ya kuonekana kwenye simu. Maneno mia nane, Jumamosi ya wiki ijayo, kabla ya saa kumi na moja jioni. Nimeshaandika mafuriko, chaguzi tano na ng'ombe aliyeingia benki. Warsha haitaniua.

Bango mlangoni: WARSHA YA SANAA YA UHALISIA ULIOONGEZWA. Mkunga mmoja mstaafu alisimama mbele yake, akalisoma mara mbili. Akasema uhalisia uliopo wenyewe umetushinda, hiyo nyongeza kaiomba nani?

Mwalimu wa warsha ni dada mwembamba asiyeweza kusema jambo bila kuanza na "kimsingi". Alieleza vizuri lakini. Unakielekeza kishkwambi kwenye kitu cha jumba. Kishkwambi kinakitambua. Kwenye kioo unakiona kitu kilekile, na juu yake mchoro wako, unacheza, unalia, unafanya utakavyo. Ukikishusha, kitu kiko palepale na vumbi lake.

"Vumbi gani?" — sauti kutoka nyuma. Bibi Funguo. Mtunza Ukumbi wa Tatu, miaka ishirini na saba, funguo kumi na nne kiunoni; unamsikia kabla hujamwona. Ukumbi wake una kitu kimoja cha maana: kichwa cha shaba cha mwanzilishi wa jumba, mwenye upara na uso wa mtu aliyekalishwa kwenye kiti kibovu. Wote wanamwita Mzee Shaba. Wageni wa mwezi uliopita: sita. Mmoja alikuwa anatafuta choo.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi tarehe 16 inakuja kamati. Isiporidhika, ukumbi unageuzwa stoo ya viti, na Bibi Funguo anahamishiwa getini kukata tiketi. Aliniambia hayo bila kunitazama, akipangusa kioo ambacho tayari kilikuwa safi.

Sharti la warsha: hakuna mtazamaji. Kila aliyemo anatengeneza kitu. Nikasema mimi ni mwandishi wa habari. Mwalimu akasema kimsingi na mimi nina mikono.

Jumatano, 6 Mei

Washiriki kumi na mmoja, kumi na wawili nikijihesabu. Mmojawapo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kinyozi. Sikujua kabisa! Aliponiona alipiga kofi.

"Shemeji! Leo gazeti limekosa misiba?"

Yeye anamwotesha Mzee Shaba nywele. Mitindo tisa. Anadai kila akipita pale huwa anaumia kitaaluma. Mkunga anatengeneza mtoto mchanga anayechungulia nyuma ya sikio na kupiga chafya. Kwa nini chafya, mama? Kwa sababu akilia, alijibu, mtasema huyu mama hajui kingine.

Mimi: utepe wa maneno unaozunguka kichwa, wenye makosa yote niliyowahi kuchapisha na masahihisho yake. Mwalimu aliuliza kama ni mengi. Nikamwambia utepe uende polepole.

Alhamisi, 7 Mei

Siku ya kukipiga picha kichwa, picha mia moja na ishirini kutoka kila upande, ili vishkwambi vikikariri. Kichwa hakipo! Nguzo yake tupu, na duara la rangi iliyopauka juu. Bibi Funguo kakipeleka chumba cha nyuma kukisugua. Kila Alhamisi hukisugua, ila kwa ajili ya kamati safari hii atachukua siku nne. Kusugulia hapahapa ukumbini hataki.

"Mtu mzima haogeshwi sebuleni," alisema, akafunga mlango.

Mwalimu anaondoka kesho, anarudi Jumatatu. Picha zisipopigwa leo, hakuna onyesho. Halafu nikaona macho yote yananigeukia mimi.

Shemeji ndiye aliyeanza. Alizunguka nyuma yangu, akaukagua upara wangu kama anayechagua tikiti maji sokoni. Mviringo uleule, akatangaza. Hata kile kibonde cha kushoto.

Nikakaa kwenye kigoda nyuma ya nguzo, kidevu juu yake. Dakika arobaini na tatu. Shemeji alishika taa.

"Miaka kumi na miwili hujaniletea hiki kichwa, shemeji. Leo nakifaidi."

Mwalimu alisema ni kwa muda tu, kimsingi, Jumatatu tutaweka cha shaba. Nimeandika kauli hiyo daftarini pamoja na saa aliyoitoa. Tabia ya kazi.

Jumatatu, 11 Mei

Kazi zote kumi na mbili zimekubali. Juu yangu.

Mimi sioni chochote, naona nyuso za wanaotazama. Nywele zinaota kwa sekunde tisa. Mtoto anachungulia. Anapiga chafya — nywele zinapeperuka zote! Hilo hakuna aliyelipanga. Mkunga alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Bibi Funguo alipewa kishkwambi, akatazama kwa utulivu, akakirudisha. Vizuri, alisema. Sasa mwondoeni huyu, mwenyewe arudi.

Jioni Mzee Shaba akarudishwa, amefunikwa shuka. Shuka lilipoondolewa tukafumba macho. Siku nne za kitambaa na mikono iliyokusudia. Yule si mzee tena, ni kioo.

Jumanne, 12 Mei

Imeshindikana. Kishkwambi hakioni kichwa, kinaona kila kilichojiangalia humo. Mwalimu alijaribu mara tatu. Ya kwanza kilikariri dirisha. Ya pili kilimkariri mwalimu. Ya tatu tukajaribu zile picha zangu za Alhamisi, nami nilikuwa nimesimama karibu. Kikanitambua ndani ya shavu la Mzee Shaba, kikaniotesha nywele humohumo, ndogo kama za mwanasesere.

Shemeji akaja na hoja ya poda. Shaba ikipakwa poda haitang'aa, na mkunga anayo mkobani, ya watoto. Bibi Funguo akasimama kati yao na nguzo. Kanuni ya nne ya jumba: kifaa hakipakwi kitu.

"Mnipake mimi kwanza," alisema. Hakuna aliyethubutu.

Kisha akaenda dirishani. Funguo hazikulia. Nilimfuata, maana ndiyo kazi yangu.

"Nilitaka wamkute msafi," alisema. "Basi."

Nikafunga daftari kabla ya swali la pili. Kwa miaka thelathini huwa ninalo.

Alhamisi, 14 Mei

Tumepiga kura. Kumi na moja kwa moja. Hiyo moja ni yangu.

Jumamosi nakaa mimi kwenye nguzo. Kanuni ya nne hainihusu kwa kuwa mimi si kifaa cha jumba, hivyo napakwa poda. Mkunga kaahidi atapaka yeye, amepaka watoto zaidi ya elfu tatu na hakuna aliyelalamika.

Nilimpigia mhariri kumweleza kuna mgongano wa maslahi: mwandishi hawezi kuripoti onyesho ambalo onyesho lenyewe ni yeye. Akauliza kuhusu picha. Nikamwambia nitakuwemo. Akasema afadhali, picha za tukio zenye mtu ndani husomwa zaidi.

Mke wangu nilimweleza mezani. Alitafuna hadi akamaliza.

"Nilijua ipo siku kitafaa," alisema, akaondoa sahani.

Jumamosi, 16 Mei

Naandika nikiwa kwenye nguzo. Daftari liko mapajani, nyuma ya kitambaa cheusi; mkono unaandika bila macho, mistari itapandana. Kichwa hakitikisiki. Nikikisogeza hata kidogo, nywele zinahamia ukutani.

Saa nane na dakika kumi. Kamati wameingia, watu watano. Mwenyekiti ana miwani miwili, mmoja puani na mwingine kifuani. Alimpita Mzee Shaba aliyewekwa pembeni, akajitengenezea tai ndani yake, akaja kwangu.

"Na huyu?"

"Kaimu," akasema Bibi Funguo.

Nywele. Chafya. Mwenyekiti alisema "Afya, mwanangu!" kwa sauti, kisha akaangalia kama wenzake wamesikia. Walisikia. Akataka mitindo yote tisa. Shemeji akawa anaitangaza mmojammoja kama mpiga mnada: huu Waziri Kajiuzulu, huu Bwana Harusi Kachelewa, huu haujapata jina, mheshimiwa, tunasubiri wenye ujasiri.

Saa nane na ishirini. Amefika kwenye utepe wangu. Anasoma kwa sauti, neno moja moja, maana nilisema uende polepole: Katika toleo letu la Februari tuliandika kwamba mwenyekiti wa kamati ya makumbusho amefariki dunia. Yuko hai. Tunaomba radhi.

Nasikia poda ikinishuka shingoni.

"Kumbe ni wewe," anasema. "Mke wangu alipokea rambirambi wiki mbili. Wengine walileta maua."

Nikasema, bila kusogeza kidevu, kwamba jina lilitoka kwa msemaji wa jumba na nilihakiki kwa mtu wa pili. Wa pili alikuwa nani, akauliza. Shemeji yake mwenyewe, nikamjibu.

"Huyo alikuwa anatamani," akasema. Akacheka peke yake, kwa muda mrefu. Wanne wakajiunga walipohakikisha kwamba ni kicheko.

Nane na nusu. Wamejadiliana mlangoni. Wamerudi. Ukumbi unabaki! Mkunga kapiga kigelegele, mwalimu kasema "kimsingi" na akashindwa kuendelea. Lakini kuna sharti. Kamati haihifadhi kitu kisichokuwamo kwenye rejista. Kazi hii iingizwe leo, na iwepo hapa kila Jumamosi, saa nne hadi kumi.

Bibi Funguo kaleta rejista. Kaifungua ukurasa mpya, kanyoosha mgongo. Haniombi. Siku zote hizi hajaniomba kitu, na sasa pia haombi, anaandika tu, kwa mwandiko wa shule: Kichwa. Kimoja.

Anasoma mstari unaofuata: Hali ya kifaa?

"Kimechakaa," anajibu shemeji.

"Andika kizuri kwa umri wake," nimesema.

Ameandika. Sasa amefika mstari wa mwisho, kalamu iko juu ya karatasi, haijashuka. Je, mwenye kifaa ameridhia kukitoa? Wote wananitazama. Simu ya mhariri inatetemeka mfukoni, nadhani ni mara ya nne. Mwenyekiti ameinua tena kishkwambi, anataka kumwonyesha katibu chafya, na nywele ndiyo kwanza zinaanza kuota. Wanasubiri niitikie kwa kichwa. Kutikisa siwezi, wala kwa ndiyo wala kwa hapana, na mtoto bado hajachungulia. Apige chafya kwanza, ndipo nitaitikia.