Tumepanda Daraja, na Mawaleh Hatutacheza Tena

Mabela, Maskati

Baba yangu,

Kamwene. Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa jikoni karibu na moto, maana naambiwa baridi ya mvua huko Mafinga mwaka huu haina adabu. Goti linaendeleaje? Mama alianza kunisimulia kwamba umerudia kupanda kilima cha kule shambani bila fimbo, nikasikia ukimnyang'anya simu kabla hajamaliza. Na yeye presha imetulia? Anapunguza chumvi kweli, au anapunguza mkiwa mnamtazama tu? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Joto la huku limelegea kidogo, sasa mtu anaweza kwenda dukani asubuhi na kurudi na nguo kavu.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu kila ukiniuliza habari za timu nakujibu, "Tumepanda daraja, Baba," nawe unashangilia mpaka naisogeza simu mbali na sikio, na baada ya hapo nashindwa kuendelea. Wewe umechezesha mpira miaka mingi, unajua kwamba matokeo si habari yote. Barua anakuletea Hilda, yule dada wa Njombe ninayesali naye siku za Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo Jumapili yetu huku. Anakwenda likizo na basi lake litapita hapo Mafinga. Mpeni chai ya moto, ni mtu mwema.

Sasa nikueleze. Timu ya wasichana niliyokuwa nikiifundisha hapa chuoni ilikuwa daraja la pili, kundi la Maskati. Vilikuwa vyuo vidogo vya humu humu mjini, na safari yetu ndefu kuliko zote haikufika saa moja ya basi. Mwaka jana vyuo vikubwa vya daraja la kwanza vikaona hakuna faida kucheza na wadogo, vikajitoa na kuunda ligi yao wenyewe. Daraja la kwanza likabaki na mapengo. Waandaaji wakapangua kila kitu na kupanga upya: kila kundi la daraja la pili litoe timu moja ipande, na makundi yenyewe yavunjwe. Watakaobaki chini watakutanishwa kwenye bonanza la siku moja kwa mwaka, basi.

Ikafika mechi ya mwisho tumebaki wawili tu tunaoweza kupanda, sisi na chuo cha Mawaleh. Wao walikuwa mbele yetu kwa pointi moja. Sare ilikuwa inawatosha. Sisi ilikuwa lazima tushinde.

Kocha wa Mawaleh ni Bi Zuwena. Nadhani nimewahi kumtaja, lakini sikukuambia ni nani kwangu. Ni Momani, mjane, umri wake kama wa Mama. Alizaliwa Unguja, akaletwa huku angali mtoto, na Kiswahili ndicho alichokuwa akisemeshwa na mama yake nyumbani. Siku ya kwanza tulipocheza nao, mimi ni mgeni kabisa, sijui hata pa kununua chumvi, nilimkaripia beki wangu kwa Kiswahili kwa hasira, na beki mwenyewe haelewi neno. Nikasikia mtu anacheka kwenye benchi la wapinzani. "Mkaripie kwa Kiarabu, mwanangu, hicho chako nakisikia mie peke yangu!" Baada ya mechi akanimiminia kahawa kutoka kwenye chupa yake, akakata halwa, tukakaa kwenye ngazi za uwanja mpaka walinzi wakaja kutufukuza.

Tangu hapo, kila tulipocheza, kwetu au kwao, kahawa ilikuwepo. Akinishinda ananicheka, nikimshinda ananuna kidogo halafu ananicheka vilevile. Wiki ambazo hakuna mechi alikuwa akinipigia kuniuliza nimekula nini. Baba, katika mji huu wote huyo ndiye aliyekuwa akiniuliza nimekula nini.

Kabla ya mechi ile ya mwisho nilikwenda kwake. Tukiwa tunakula akanambia, kama mtu anayetaja habari za hali ya hewa, "Wakubwa wa chuo wameshasema. Tusipopanda, timu inafungwa. Hawataki watoto wacheze siku moja kwa mwaka."

Timu ile aliianzisha yeye mwenyewe, wakati wazazi wengi hawakutaka hata kusikia binti anapiga mpira. Alikuwa akienda nyumba kwa nyumba, anakaa na akina mama, anawaeleza kwamba uwanja una ukuta, waamuzi ni wanawake, na mabinti watarudi mapema. Nikaweka chini kijiko. Hakupenda jinsi nilivyomtazama.

"Nkwambie kitu, Agnesi. Usije ukanionea huruma. Ukinionea huruma n'tajua, na sitokusemesha tena."

Siku ya mechi tulicheza uwanjani kwetu, alasiri. Mama za wachezaji walijaa upande mmoja na makapu ya vyakula kama wamekuja harusini. Tulitangulia kufunga, Mawaleh wakasawazisha mapema kipindi cha pili, halafu wakarudi nyuma wote, wakajaza mabeki. Ungekuwepo ungewasifu, walikaba bila rafu. Mshambuliaji wangu alikuwa amechoka mpaka anatembea. Kwenye benchi nilikuwa na Shamsa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mfupi, ana mbio za ajabu, na mabeki wa Mawaleh nao walikuwa hoi. Nilijua kabisa la kufanya. Hata mtu asiyejua mpira angejua.

Na sikulifanya, Baba. Nilisimama nimekunja mikono. Dakika zinakwenda, Shamsa ananitazama, anavuta soksi zake juu, ananitazama tena. Mimi nilikuwa namwona Bi Zuwena upande wa pili amesimama na abaya yake nyeusi, mkono umeshika mtandio, na nilichokuwa nikifikiri ni vile vyumba alivyokaa akiwabembeleza akina mama.

Ndipo akageuka akaniona. Alinitazama kwa kitambo, halafu akapaza sauti kutoka upande wa pili wa uwanja, kwa Kiswahili, akijua hakuna mwingine pale atakayeelewa:

"Agnesi! Mwingize huyo mtoto! Unangoja nini?"

Watu wakageuka. Mwamuzi akadhani anamlaumu, akamnyooshea kidole. Nikamwingiza Shamsa.

Mpira wa tatu au wa nne alioupata ukawa bao. Mama za wachezaji wakapiga vigelegele, wasichana wakanirukia mpaka nikaanguka, mkuu wa chuo akaja kunipa mkono mbele ya watu. Nilipoinuka na kujifuta mchanga, Bi Zuwena alikuwa amekwisha kuwakusanya watoto wake, anawafuta machozi kwa mtandio wake mwenyewe, mmoja mmoja. Alivuka uwanja akaja kunishika mkono. "Hongera, mwanangu," akasema. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Kisha akaondoka na chupa ya kahawa chini ya kwapa, haijafunguliwa.

Jioni ile kila msichana alichukuliwa na watu wake kwa gari, huku wakipiga honi. Mimi nikatembea mpaka chumbani kwangu. Nilikuwa na kipande cha keki ya chuo ndani ya karatasi, nikakiweka mezani, nikakaa kitandani nikikitazama. Nilikupigia wewe, ukashangilia. Nilikuwa nataka kulia, lakini ulikuwa umefurahi mno.

Kilichofuata ndicho unachokijua nusu. Chuo kikaleta kocha mkuu mwenye vyeti, mtu mzuri tu, hana ubaya na mimi, mimi nikawa msaidizi wake. Kazi yangu sasa ni kupanga koni na kuwapasha misuli moto. Wameletwa wachezaji wapya wanaosomeshwa bure kwa ajili ya mpira, na nusu ya wasichana niliopanda nao wanakaa benchi, akiwemo Shamsa. Mechi yetu ya kwanza ya daraja jipya ilikuwa Nizwa. Tulifungwa mabao sita. Kurudi, ndani ya basi kila mmoja aliinamia simu yake, na milima ile ya mawe matupu inapita dirishani. Nikaona nimpigie Bi Zuwena nimwambie tumekula sita, nimsikie akicheka. Simu ikaita mpaka ikakatika.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu siku ya mechi hakuwahi kupokea. Nilikuwa nimeshasikia kwamba timu yake imefungwa kweli, na chuo kimempumzisha naye pia. Nilituma ujumbe wa pole, haukujibiwa. Ijumaa Hilda alinikuta nimekaa peke yangu nyuma ya kanisa, akaniambia, "Wewe, kama umemkosea mtu nenda kamwone. Kama hujamkosea, nenda vilevile." Nikaenda.

Anakaa Mawaleh, jirani na pale lilipokuwa soko kubwa la mboga na matunda kabla halijahamishwa. Mtaa umetulia siku hizi. Alifungua mlango mwenyewe. Nikasema shikamoo. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Marahaba. Umekonda. Ingia."

Sebuleni palikuwa na maboksi. Sikuuliza. Alileta kahawa, tukanywa. Mwisho nikamwambia, "Bi Zuwena, kama una hasira na mimi, niambie tu."

"Nilikuwa nna hasira na weye," akasema. "Tena nyingi. Nikiona jina lako kwenye simu naigeuza kifudifudi. Halafu siku moja najipikia wali, nikajiuliza, huyu mtoto kanifanya nini khasa? Aliyesema mwingize ni nani? Si mdomo wangu huu?" Akaupiga mdomo wake kwa vidole. "Nilivyokuona umesimama pale unanionea huruma, nikasikia moto. Nikasema bora nifungwe. Nami nikafungwa."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza, alinisogezea boksi la karatasi za kujifutia na kungoja.

"Sasa nisimulie lile bao," akasema.

"Bao gani?"

"Lile lenu. Mie sikuliona. Nilifumba macho."

Basi nikamsimulia, Baba, kama nilivyokuwa nikikusimulia wewe mechi ulizokosa. Nilimwambia jinsi Shamsa alivyoupokea mpira kwa mguu wa kushoto akiwa amewapa mabeki mgongo, alivyomwacha beki wa kwanza, beki wa pili akateleza, kipa akatoka vizuri kabisa bila kosa, na mpira ukampita chini ya mkono. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika kwa kipa akainua uso.

"Alitoka? Hakuogopa?"

"Alitoka, Bi Zuwena. Alitoka mapema."

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilimfundisha mwaka mzima atoke." Na hapo ndipo naye machozi yakamtoka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Maboksi yale yalikuwa ya kuhama. Binti yake yuko Salala, kusini kabisa, anatarajia mtoto, na amekuwa akimtaka mama yake siku nyingi. Nilikwenda kumsaidia kufunga vyombo, na siku ya kuondoka nilisimama nje ya nyumba yake mpaka gari lilipokata kona. Kisha sikujua niende wapi. Nilizunguka mtaani hadi nikajikuta mbele ya uwanja wa chuo chao. Lango lilikuwa wazi. Ndani wameanza kuegesha magari.

Sikudanganyi, wiki zilizofuata zilikuwa nzito. Nakwenda kazini, napanga koni, narudi. Kuna siku nzima inapita sijatamka neno la Kiswahili, na nikilitamka nalitamka kwa birika la chai. Simu ya Bi Zuwena inaita na anapokea, lakini mjukuu amezaliwa, analia nyuma, na mazungumzo hayafiki mbali. Usimwambie Mama haya. Mwambie nakula.

Lakini juzi imetoka ratiba ya nusu ya pili ya msimu. Daraja hili jipya lina chuo cha Salala. Ni safari ya basi ya kutwa nzima kupita jangwani, wasichana wote wamenung'unika, kocha mkuu ameandika barua kulalamika. Mimi nilitoka nje nikampigia Bi Zuwena.

"N'takuja uwanjani," akasema. "N'takaa nyuma ya benchi lako na kahawa. Lakini nkwambie mapema, n'tashangilia watoto wa hapa. Wameshaniomba nikawafundishe makipa wao."

Chuo kizima ni mimi peke yangu ninayeingoja safari hiyo, Baba.

Nisalimie Mama sana, mwambie kitenge alichonitumia ndicho ninachojifunika. Msalimie Bibi, mshike mkono kwa niaba yangu. Msalimie dada Tulizo na mapacha wake, na baba mdogo Festo anayewachotea maji goti lako likiuma. Mchungaji naye mwambie bado naimba sauti ya pili, ingawa huku Wakenya wanatuzidi nguvu.

Mkiketi kusali jioni, nitajeni. Siku ya Salala usiniombee ushindi. Niombee tu basi lifike.

Mwanao anayekupenda,

Agnes