Lengo Nililokuandikia

Kambale, ndugu yangu,

Bonane, mwaka mpya, imefika bila wewe. Jumamosi ya kwanza ya mwaka Papa Deo alitukusanya tena kwenye ukumbi wa parokia hapa Keshero, sisi watano tuliobaki wa kundi letu la teatre, akagawa karatasi kama kawaida. Yangu niliichana. Aliponishika mkono nilimsukuma akaangukia viti. Mzee kama yule! Nakuambia wewe kwanza kwa sababu wewe ungenicheka.

Desturi yetu unaijua: hakuna anayejiandikia lengo la mwaka. Papa Deo husema mtu akijiandikia anajihurumia. Mwenzako ndiye anayekuandikia, nawe unasimama unalisoma mbele ya wote, na ukishalisoma huwezi kulikataa. Mwaka jana uliniandikia niache kulia jukwaani kabla watazamaji hawajalia. Tulicheka sana. Kisha ukasimama ukasoma la kwako, kwa mwandiko wangu: "Mwaka huu Kambale acheze askari mpaka watu waamini."

Askari wako alikuwa ananikera. Kofia ya karatasi, fimbo begani, unatembea kama bata aliyeshiba, na watoto wa kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya wanacheka mpaka wanakohoa. Lakini yule mgeni aliyekuja kuchagua michezo ya kupeleka festivali alisema askari wetu ni wa utani tu. Nami nilitaka kwenda festivali, Kambale. Nilitaka kupanda ndege na kuitwa msanii. Nikazunguka kwenye mitumba ya Birere wiki mbili nzima, nikapata koti la kijeshi, la kweli, nikakuletea nikisema lengo ni lengo.

Siku ya kwanza ulipolivaa kambini, hakuna mtoto aliyecheka. Mama mmoja aliokota jiwe la volkano akakupasua paji la uso. Damu ikakuingia machoni nawe ukaendelea kucheza mpaka mwisho. Nyuma ya hema ukaniambia, "Umeona, Nsimire? Wameamini." Nilikufunga kitambaa kichwani huku moyo wangu umejaa furaha. Furaha, wewe! Leo natamani lile jiwe lingenipata mimi.

Siku vita ilipoingia mtaani kwetu tulikuwa kwenye mazoezi, wewe umeshavaa. Mabomu yalikuwa yakianguka tangu asubuhi na watu wanakimbia na magodoro kichwani. Mama mmoja akaanguka mbele ya geti la parokia, mguu umekatwa na kipande cha bomu, nawe ukatoka kumvuta ndani. Nililiona koti mgongoni mwako. Neno moja tu lingetosha, "vua". Sikulisema, kwa sababu nilikuwa nimelala nyuma ya geti na niliogopa kusikika.

Walikuja watu wanne wenye bunduki. Kwanza walikupiga kitako cha bunduki mdomoni. Meno yakikutoka ulilia, "Siko askari, bandugu! Niko mutu wa teatre!" Mmoja wao, mwembamba, alikuwa anatafuna karanga. Akasema taratibu, "Kama uko mutu wa teatre, cheza tuone."

Na ulicheza. Hilo sikuwa nimemwambia mtu. Ulimcheza yule askari wa zamani, yule wa utani niliyekukataza. Ulitembea kama bata ndani ya damu ya yule mama, na mmoja wao akacheka kwelikweli. Hujawahi kucheza vizuri namna ile. Yule wa karanga hakucheka. Alikupiga risasi ya tumbo, kisha ya uso, kisha akakuvua viatu.

Tulikuzika siku ya tatu, kwa haraka, tunachimbua mawe badala ya udongo. Mama yako alikuwa anauliza kila mtu nani alimpa mwanawe lile koti, nami nilikuwa nimeshika sepetu, nikaendelea kuchimbua. Tangu siku ile nimekuwa nikipita njia nyingine nisikutane naye. Mji una wakubwa wapya sasa, mahema ya Kanyaruchinya yameng'olewa, na mimi napiga watu. Muulize Papa Deo.

Yeye, alipoinuka pale kwenye viti, alijipangusa suruali akanipa karatasi nyingine. "Mwaka huu," akasema, "mama ya Kambale ndiye atakuandikia."

Nilikwenda Jumapili baada ya misa. Alikuwa anasonga bugali. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama mlangoni, koti, geti, ule mchezo wako wa mwisho. Alinijia na mwiko ukiwa na bugali ya moto, akanipiga sikioni, shingoni, mgongoni, mpaka ukavunjika, kisha akaendelea kwa mikono. Majirani walikuja, akawafukuza. Sikujikinga. Alipochoka alikaa chini anahema, na mimi nikakaa, na bugali ikaungua.

Baadaye akaniuliza, "Ule mutu wa karanga, uko unamukumbuka?"

Nikasema namkumbuka mpaka anavyotema maganda.

"Basi andika. Utamucheza ye. Pale pale ku geti. Mutoto wangu alikufa na sikukuwa pale. Miye nitaikala mbele, nione."

Nilimwomba anipe lengo lingine. Lolote. Alinigeuzia mgongo akaanza kukwangua sufuria.

Nimelisoma mbele ya wenzetu, Kambale, kwa hiyo siwezi kulikataa tena. Nakuahidi hakuna atakayevaa koti, na hakuna atakayekucheza wewe. Mahali pako patakuwa patupu na nitapiga risasi mahali patupu. Festivali nimeiacha, na huyo mgeni akirudi hatauona mchezo huu. Ni wa mama yako.

Pumzika, ndugu yangu. Nisamehe kama huko mnasameheana, na kama hamsameheani, nisubiri nije unipige mwenyewe.

Jumamosi tunacheza. Wenzetu wanadhani nitashindwa, wananitia moyo, wananipikia chai. Lakini jana kwenye mazoezi nilipofungua kinywa kwa sauti ya yule wa karanga, Papa Deo alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta. Siogopi kushindwa, Kambale. Naogopa kwamba nitamweza.

Nsimire