Kimya Alichoomba Peniel

Jumanne, 6 Mei 2025

Niko hai. Kidevu nyuzi nne, goti limevimba kama papai. Peniel amevunjika mkono wa kulia. Ndege ndogo ya Sixbert, mwenye kinu cha alizeti, imelala kwa tumbo kwenye kiwanja cha shamba lake, ng'ambo ya Mkiwa. Propela imejikunja kama jani la mgomba lililokauka.

Rubani amesahau kushusha magurudumu! Mtu anatoka Dodoma, anga jeupe, kiwanja anakijua — na anasahau magurudumu. Nilikuwa nakwenda kuwahutubia wakulima. Viti walishapanga. Wakaishia kunibeba.

Peniel, huyo rubani, ni mtoto wa marehemu Hezekia wa Iguguno, niliyesoma naye. Ndiyo maana ananiita shangazi. Tangu tutolewe ndani ya ndege ana neno moja tu: pole shangazi, pole shangazi.

Jumatano, 7 Mei 2025

Wachunguzi wamenifuata hospitali. Wapole, fomu ndefu. Swali la tisa: je, abiria alizungumza na rubani wakati wa kutua? Nimeweka alama kwenye "Hapana". Haraka, kama mtu anayefukuza nzi.

Mchana nikaandika makala yangu ya gazetini. Saa moja, bila kufuta neno. "Nani Anawapa Watoto Anga?" Nimewachapa wenye ndege binafsi, nimevichapa vyuo vinavyotoa marubani kama maandazi. Sikumtaja Peniel kwa jina. Hakuna haja — ndege iliyopata ajali Singida wiki hii ni moja.

Makala nzuri. Sijui kwa nini sijaisoma tena.

Ijumaa, 9 Mei 2025

Imetoka. Simu haipumui. Msomaji mmoja wa Ihanja, kwetu, ameandika kwamba vijana wa siku hizi hawana umakini. Nikaanza kumjibu "kweli kabisa". Nikafuta.

Umakini. Haya, niandike basi, hapa ambapo hakuna wa kunipigia makofi.

Kabla hatujaruka Peniel alinieleza utaratibu wake. Akisema kimya, tunanyamaza mpaka ndege isimame. Ni kwa kila mtu, hata kwa Sixbert. Nikacheka, nikamwambia hata askofu hajawahi kuniambia hivyo.

Njia nzima nilimhubiria habari za mafuta ya kula ya nje yanavyommaliza mkulima wetu. Hedifoni masikioni, sauti yangu iko ndani ya kichwa chake, hana pa kukimbilia. Tulipoanza kushuka akasema, kwa upole tu, kwamba mama yake anapika kwa hayo hayo ya nje. Iguguno! Alizeti mpaka mlangoni! Nikawaka.

"Kimya sasa, shangazi, tafadhali."

"Unaninyamazisha? Mtoto wa Hezekia? Baba yako mwenyewe hakuthubutu."

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kishikio cha magurudumu. Niliuona kama ninavyoiona kalamu hii. Akauondoa, akauweka kifuani, akanigeukia mzima mzima. Mtoto aliyelelewa kwao haombi radhi huku anatazama pembeni na mkono unashughulika na mambo mengine.

"Nisamehe, shangazi."

Ningesema "yameisha". Neno moja. Angegeuka, angeurudisha mkono pale pale. Nikasema, "Sijamaliza."

Kitu kikaanza kulia, king'ora chembamba. Nikadhani ndizo kelele za ndege. Nikapaza sauti kukipita. King'ora kile kilikuwa kinamwambia magurudumu bado. Nikakishinda. Miaka ishirini na tano ya malumbano, na sijawahi kumshinda mpinzani namna ile.

Jumapili, 11 Mei 2025

Nimetoka kanisani nikamkuta Anastazia, mama yake Peniel, kibarazani kwangu. Ametoka Iguguno na kuku aliyefungwa miguu.

"Wifi, nimekuja kukupa pole. Mwanangu angekuua."

Nikampokea kuku. Nikakosa pa kumweka.

Sixbert amemsimamisha kijana kazi — amesoma makala. Wachunguzi wakiona ni uzembe wake peke yake, leseni inakwenda. Anastazia hakulia. Alikuwa anashangaa tu.

"Nimemuuliza, baba, ilikuwaje? Ananijibu, nilisahau tu, mama. Huyu! Huyu wa kurudi mara mbili kuangalia kama banda la mbuzi limefungwa. Nikamwambia, au shangazi yako alikuchosha kwa maneno? Nakujua wifi, ukianza wewe hata mvua inasubiri."

"Akasemaje?"

"Akakasirika. Anasema mtu mzima hasemwi namna hiyo."

Akacheka. Na mimi nikacheka naye. Nilicheka!

Nafasi ilikuwa mbele yangu, pana kama mbuga. Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Jumanne, 13 Mei 2025

Nimejaribu kuandika makala ya pili. Nimepata kichwa cha habari kizuri. Nimekichana. Kila ninachokiandika kinataka kunipendeza.

Jumatano, 14 Mei 2025

Benchi la korido, ofisi ya wachunguzi, Singida mjini. Wameniita nithibitishe maelezo yangu na kutia sahihi. Fomu iko magotini. Alama yangu iko pale pale, swali la tisa.

Peniel amefika. Mkono kwenye kitambaa, shati limepigwa pasi. Amesimama mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, shangazi."

Marahaba ya mtu wa namna gani? Na yeye hakai. Mdogo hakai kabla mkubwa hajaitikia. Amesimama tu na mkono wake mbovu, ananingoja, na watu wanapita wakitutazama.

Nimemwonyesha fomu. Kidole kwenye swali la tisa. Amesoma, akainama karibu.

"Iache hivyo hivyo, shangazi. Wewe una jina. Watakucheka nchi nzima."

"Na wewe?"

"Mimi nilisahau."

Nimekata "Hapana". Mistari miwili, imekatika kweli. Pembeni yake hakuna kitu bado.

Afisa ametoka, ameita jina la Peniel. Nimemwambia aanze na mimi. Ameuliza kuna nini. Peniel amewahi kujibu: "Hakuna kitu, afande. Shangazi goti linamsumbua tu, hawezi kukaa sana."

Afisa ameshikilia mlango. Anaiona fomu, anaona nilichokata. Anasema haya, mama, karibu, utuambie mwenyewe.

Peniel bado amesimama. Sijamwitikia. Wananingoja wote wawili, na mimi nimeinamia daftari, bado naandika.