Kioo cha Upande wa Mama

Baba,

Assalamu alaykum. Barua za kwetu huanza kwa kujuliana hali: mie mzima, hofu ni kwako. Leo sijui nikuulizeje. Hofu zako wewe zimekwisha, zimebaki huku Sparkbrook, na nyingi nimerithi mie. Basi nikupe habari tu, maana ungekuwapo ungeshaniuliza kabla sijavua viatu: "Zuhura, gari vipi?"

Gari, Baba, limenitoa machozi. Subiri nikueleze.

Kwanza Mama. Mama ametoka eda. Ameikaa kama inavyotakiwa, nguo nyeupe, hana wanja, hana udi, na kizingiti hakukivuka ila siku ile jino lilipomzidi. Kikombe chako hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Nilikiosha mara moja nikasemwa mpaka nikajuta. Watoto wa kaka Salim wanakuja wanamsemesha Kiingereza, yeye anawajibu Kiswahili, na mambo yanakwenda. Lakini akikaa peke yake sebuleni anaitazama ile nafasi yako kwenye kochi, na hapo huwezi kumwambia kitu.

Jambo moja tu alilitaka: siku ya kutoka eda aletwe kaburini kwako. Siku ya maziko alibaki ndani na wanawake wenzake, akasikia mlango wa mbele unafungwa na sauti za wanaume zinapotea barabarani. Hakuwahi kupaona ulipo. Na akasema atakwenda kwa gari lako, si jingine. Salim akamwambia lake jipya, lina joto, viti laini. Mama akamjibu, "Mke mwenzangu naye yumo edani. Tutatoka pamoja."

Unakumbuka alivyoanza kuliita hivyo? Siku ile ulipolileta, la kijani, milango miwili, umri wake unanizidi mie, ukaiacha chai ipoe ukakaa unalipangusa. Mama akachungulia dirishani akasema, "Haya, nimeolewa uke wenza Birmingham." Ukacheka mpaka ukakohoa.

Sasa mke mwenza huyo hakuwa na kioo. Mashine ya kupandishia kioo cha mlango wa Mama ilikuwa imekufa, ukaufungua mlango, ukakitoa kioo, ukakizungushia blanketi na kukisukuma chini ya kitanda chenu. "Hapa hakivunjwi na mtu." Ndiyo kazi yako ya mwisho, maana kabla hujapata mashine nyingine ulianguka pale jikoni. Miezi ya mwanzo ya eda Mama amelala juu ya kioo chake. Nikifagia nilikuwa nakiona, nikikiona nalia, kisha naendelea kufagia.

Salim alitaka gari liuzwe. Usimkasirikie, kila mtu na namna yake ya kuumia. Yeye akiingia gereji ile ya uchochoroni hakai, anatoka mbio. Kuna mtu Sparkhill alikuwa tayari kulichukua hivyo hivyo lilivyo, alivunje, atumie vipuri. Tulibishana, Baba, majirani walisikia. Mwisho tukakubaliana: siku Mama atakayotoka, kama kioo chake kinafunga sawasawa, gari linabaki. Kama hakifungi, linakwenda. Mama hatukumwambia. Khaa, nani angethubutu?

Basi nikashika spana. Mie, ambaye kazi yangu siku zote ilikuwa kusimama nje na kusukuma! Wewe milango ndiyo ilikuwa riziki yako, kwenye kiwanda cha magari cha Longbridge, mpaka mageti yalipofungwa. Ukaja nyumbani ukaendelea na milango kwa mapenzi tu. Mie nilikuwa naweka viganja juu ya kioo, nawe umo ndani unaniamrisha: "Sukuma. Juu kidogo. Hapo hapo, usipumue!" Ukishakaza bolti ndipo unasema, "Pumua."

Nilipofungua ngozi ya ndani ya mlango nimekuta nini? Kanga ya Mama! Ile ya zambarau iliyopotea, ambayo pea yake iko kabatini hadi leo, na Shangazi akanuniwa mwaka mzima kwa tuhuma za wizi. Umeikata vipande, umevikunja, umevitumia kukibania kioo kisitikisike. Na wewe muda wote ule ukakaa kimya unakunywa chai! Nilimpelekea Mama kipande. Akakinusa, kinanuka grisi. Akacheka, mara ya kwanza tangu uondoke, kisha kicheko kikamgeuka. Tukalia wote wawili kitandani, na kioo chini yetu.

Kazi nimeifanya kama nilivyokuona ukiifanya. Nimesafisha njia za kupitia kioo. Raba mpya nimeipaka maji ya sabuni ili iingie bila kugoma. Kioo nimekiinamisha pua chini, nikakishusha taratibu tumboni mwa mlango, nikakikalisha kwenye mashine nyingine niliyoitafuta, bolti nikazifunga kwa vidole kwanza. Gari hili, unalijua, kioo hakina fremu. Kinapanda chenyewe mpaka kikutane na raba ya paa, na kikikosea unene wa ukucha tu, upepo unaingia kwa mluzi. Na sikio bovu la Mama haliwezi upepo. Kwa hiyo kioo chake hukuwa ukikifanyia mzaha.

Kwa kuwa sikuwa na mtu wa upande wa pili, nilikibania kwa vipande vyako vya kanga, nikaingia ndani kukaza, nikatoka kutazama, nikarudi ndani. Jumamosi baada ya Jumamosi. Mgongo uliniuma, nikakutukana kidogo, unisamehe. Mwishowe nikafanya ile ya gazeti: karatasi katikati ya kioo na raba, funga mlango, vuta. Ikitoka kirahisi, upepo nao utaingia kirahisi. Haikutoka. Nikazunguka pembe zote, haikutoka. Nikamwaga maji kwa mpira, hata tone halikupenya. Nikakaa pale chini kwenye simenti nikasema kwa sauti, "Umeona, Baba?" Salim akaja, akavuta karatasi mwenyewe, akasema kwa Kiingereza chake kwamba sawa, nimeshinda.

Siku ikafika. Mama ameoga, amevaa kanzu mpya, udi unanukia mpaka uchochoroni. Jirani yetu Msomali, yule aliyekulia Nairobi, alikuwa amenipigia pampu matairi. Akamwambia Mama, "Pole sana, mama. Huyo mzee alikuwa mtu wa maana." Mama akaitikia, akapapasa boneti. "Haya, mwenzangu, twende." Akaingia, akakaa. Nikafunga mlango.

Baba, kioo kilikuwa nje.

Pembe ya juu, kwa nyuma, imeachana na raba. Kidole changu kilipita. Nikafungua, nikafunga tena, vilevile. Mvua nayo ikaanza, unaijua mvua ya huku, haina adabu. Salim alisimama ananitazama. Nikalia mbele za watu, mtu mzima mie, nikasema, "Baba, nimekosea wapi?"

Mama akanijibu kutoka ndani. "Unalia nini sasa? Yeye alikuwa akinikalisha humu kwanza."

Nikasimama pale mvuani na yote yakanirudia. Kila ulipokishika kioo kile ulikuwa unanituma: "Kamwite mama yako aje akae." Naye anakuja na chupa ya chai na kaimati, analalamika baridi, anakaa kwenye kiti chake, nawe umejilaza magotini pake na spana, mnapiga soga. Mie nilidhani unataka tu mkeo awe karibu. Na yeye alidhani hivyo hivyo! Nikainama nikatazama chuma cha chini ya mlango, kile ulichokiunga viraka kwa sababu ya kutu. Kimechoka, Baba. Mama akikaa, mwili wa gari unashuka kidogo, na nafasi ya kioo inashuka nao. Ulikuwa unakipima kioo yeye akiwamo, kwa sababu ni yeye atakayekaa hapo.

Hukutuambia. Ungemwambiaje Mama kwamba uzito wake ndio kipimo? Ungelala gereji. Na pengine ulikuwa unamtaka karibu vilevile. Mie naamini yote mawili.

Basi hata ningefanya nini, kioo kile kisingekaa sawa kabla yeye hajatoka eda. Nikafungua tena ngozi ya mlango. Nikamwambia Salim aingie akaze bolti, Mama akasema, "Nipe mie hiyo spana." Na kanzu yake mpya! Nikamwonyesha bolti zenyewe. Nikaufunga mlango, nikasimama nje mahali pangu, viganja juu ya kioo, mvua mgongoni. Tukatazamana kupitia kioo, yeye na mie, na katikati yetu hukuwapo.

Akasema, kwa maneno yako na kwa sauti yako ile ya kuamrisha, "Sukuma. Juu kidogo. Hapo hapo, usipumue!"

Nisingeweza kupumua hata ningetaka. Akakaza ya kwanza, akakaza ya pili, vidole vyake vyeusi kwa grisi. Nikangoja aniambie nipumue. Hakuniambia, alikuwa analia.

Salim akachukua gazeti, akalibana kwenye pembe ile ile, akavuta. Likachanika. Kipande kilichobaki mkononi akakitia mfukoni, na yule mtu wa Sparkhill sijamsikia akimtaja tena.

Tulipita Stratford Road na mabasi yake yote, na humo ndani mluzi hakuna. Mama hakujifunga kitambaa sikioni. Makaburini njia ilikuwa matope na goti lake unalijua, kwa hiyo nikalisogeza gari mpaka karibu kabisa na ulipo, nikamwonyesha. Akatazama muda mrefu. Kisha kioo kile tulichoteseka kukifunga akakishusha chote mpaka chini, mvua ikamwingilia, akakutolea salamu. Akasema nawe. Mie niligeuka pembeni, si yangu kuyaandika. Ila neno moja nililisikia, na nadhani nawe ulilisikia: "Na kanga yangu nimeiona, mwizi wee."

Kisha akakipandisha, kikafunga.

Sasa nakuaga, Baba, karatasi inaisha na Mama ananiita. Ahadi yangu ni hii. Nikiwa peke yangu garini kioo hakikai sawa, kiti chake kikiwa kitupu upepo unapiga mluzi njia nzima. Salim anasema nikilegeze kidogo, nikiweke katikati, kifae kwa wote. Nimekataa. Nausikiliza ule mluzi na najua yeye yuko nyumbani, ananipikia, atanigombeza nikichelewa. Ipo siku mluzi utapiga na sitakuwa na wa kwenda kumwita aje akae. Siku hiyo nayo, Baba, spana sitaishika. Kioo kitabaki kwa kipimo chake.

Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Zuhura