Mama Amelicheka Gari la Moshi

Muscat, Ijumaa, Oktoba 1970

Joto limeanza kutuachia. Leo mtu aliweza kukaa ndani mchana bila ya kushika kipepeo cha kujipepea. Nnaandika haya macho yamenivimba, na sijui ni kwa kucheka au kwa kulia.

Nna la kukiri kwanza. Jana niligombana na kaka yangu Nassor. Yeye anafanya kazi kambi ya mafuta, na wenziwe wamemwazima mashine ya kuonyeshea sinema, jenereta, na filamu moja kuukuu, ya zile za mwanzo kutiwa sauti. Nikamwambia asiilete nyumbani. Mama hajacheka tangu tuondoke Unguja, mwaka wa sitini na nne. Baba alifia kule mwaka ule ule, na tangu hapo jina lake hatulitaji. Si Mombasa tulikokaa, si hapa tulipofika Agosti. Niliona kumwekea mama sinema ya kuchekesha ni kumkosea adabu.

Nassor hakunisikia.

Kaja navyo vyote baada ya alasiri. Tukafunga madirisha, tukatundika shuka nyeupe ukutani. Mama akakaa mkekani na tasbihi yake, uso kaugeuzia pembeni.

Filamu yenyewe yote imo ndani ya gari la moshi. Mtumishi mnene kabeba bakuli la supu, anampelekea bwana mmoja mkali katika behewa la mwisho. Gari likiyumba, supu inammwagikia mtu: bibi mwenye kofia ya manyoya, halafu askari aliyelala mdomo wazi. Sauti inakwaruza, na Kiingereza chao hatukifahamu. Alipofika, bakuli tupu. Akampa yule bwana kijiko, akasimama kwa adabu kumngojea ale.

Mama akaangua kicheko.

Kicheko cha kushika mbavu, mpaka mtandio ukamwanguka.

"Nassor, irudishe nyuma hiyo!"

Tuliiona mara tatu. Kisha mama akasema, macho yake bado kwenye shuka, "Gari la moshi la Bububu, kule Unguja, lilikuwa likiyumba hivyo hivyo. Mie mtoto, nnakwenda na marehemu babu yenu, cheche zikanitoboa kanga."

Hatujapata kumsikia akihadithia hayo. Nikajikaza. "Na baba, alilipanda?"

Mama akanigeukia.

"Khalfan? Khalfan akilidandia! Kanambia mwenyewe, tumeshaoana. Siku moja mkono ulimponyoka, akaangukia kwenye tope la mpunga, na kanzu yake ya Idi."

Akacheka tena, halafu akalia, na sisi tukalia naye. Nassor akatoka kwenda kuzima jenereta. Alichukua muda mrefu kurudi.

Nimeshamwomba Nassor radhi. Miaka sita nikijisemea kuwa nnamlinda mama. Wallahi, si kweli. Aliyekuwa akiliogopa jina la baba ni mie. Kila lilipokaribia mdomoni niliona bora nyumba nzima inyamaze kuliko mie kulia mbele za watu. Na mama, labda, alinyamaza kwa kutuona sisi tumenyamaza.

Ameishi vipi na ukimya wangu wote huu?

Sasa hivi yuko jikoni. Nnamsikia anamwambia Nassor vile baba alivyokuwa akimpenda pweza wa nazi, na namna alivyokuwa akichungulia chunguni kabla hajaiva.

Nnalifunga daftari. Nnataka kwenda kusikiliza.