Punje Niliyoing'ata Lubarika

Mjukuu wangu Neema,

Huku Uvira tuko salama, na mama yako amepona malaria. Unaniuliza kama kompyuta itakunyang'anya kazi yako ya biro, ya kukaa ofisini huko Lubumbashi.

Nilipokuwa msichana Lubarika, tulilipwa kutwanga mpunga. Mashini ya kukoboa ilipofika, tulienda wanawake tisa kuivunja, michi mikononi. Mwenye mashini alisimama mlangoni na panga. Nyuma yake mchele ulikuwa unatoka vipande vipande. Niliokota punje moja ya mpunga wake, nikaing'ata, ikabonyea chini ya meno. Nikamwambia:

"Baba, mupunga yako haiyakauka, ndiyo maana inavunjika."

Akashusha panga. Akaniajiri miye peke yangu, nimpimie kwa meno kama mpunga umekauka.

Weye tafuta kile ambacho kompyuta yenu haiwezi kung'ata. Ila mimi bado naiona ile migongo nane ya wenzangu ikirudi nyumbani na michi.

Nyanya yako