Usikivunje, Bado Kidogo

Mama,

Uji uko kwenye chupa. Dawa ni baada ya kula, siyo kabla, usinichezee.

~~Nitarudi na basi la jioni.~~ Nitarudi kwa miguu. Nauli nimeitumbukiza kwenye kibubu.

Ukikuta nyundo mezani, usishtuke. Alfajiri nilitaka kukivunja kibubu alichotuachia marehemu baba. Unga umepanda, kodi imepanda, nikasema cherehani yako tunayoiwekea akiba itasubiri, imeshazoea. Nikainua mkono. Ndipo ukasema usingizini, "Baba watoto, usikivunje, bado kidogo," vilevile ulivyokuwa ukimwambia yeye kila maisha yalipombana. Nikajibu kama alivyokuwa akijibu: "Haya, mama watoto, umeshinda." Sauti iliyonitoka haikuwa yangu. Ukacheka kidogo, ukageukia ukutani.

Basi hatukivunji mpaka kijae, hata ikichukua mwaka mwingine. Na siku cherehani ikiingia humu ndani, gauni la kwanza ni lako, siyo la jirani.

Ukiamka ukahisi kwamba alipita hapa, usiogope. Nilikuwa mimi. Nadhani nilikuwa mimi.

Kifungua mimba wako